Kupanda Chombo cha Mtu

Jumapili

Tumeingia Tanga wakati wa magharibi, mifupa inalia baada ya kutwa nzima ndani ya lori. Wenyewe husema Tanga waja leo waondoka leo. Sisi mkufunzi mkuu ametuambia, kabla hata hatujateremsha mabegi, kwamba haondoki mtu hapa mpaka aweze kupanda chombo kinachotembea, usiku, na mzigo wote mwilini, halafu akifika juu awe bado na akili ya kusoma karatasi. Hapo kwenye karatasi watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Tumekuja kujifunza kazi ya timu ya upekuzi baharini: kusimamisha chombo, kukipanda, kukipekua, na kikiwa na kosa, kukishika na kukileta bandarini. Wengi wetu ni wanamaji wa jeshi. Tumechanganywa na polisi wanamaji, bwana mmoja wa uvuvi na dada mmoja wa forodha, maana mwanajeshi anajua kushika chombo, lakini wavu wenye macho madogo anaujua mtu wa uvuvi, na hati ya mizigo iliyopikwa anaijua mtu wa forodha.

Mimi ni koplo, mzaliwa wa Pangani, binti wa nahodha wa jahazi. Bahari ya huku si ngeni kwangu. Ugeni ni kuiendea na bunduki.

Jumatatu

Saa kumi na moja alfajiri tumeanza mchakamchaka hadi Raskazone. Kisha maji.

Kuogelea kwenyewe si kule kwa ufukweni siku ya sikukuu. Unaingia na magwanda na buti, unakwenda mpaka kwenye boya na kurudi, halafu unabaki palepale ukielea bila kushika kitu huku mkufunzi akitazama saa yake bila haraka yoyote. Baadaye inakuja fulana ya kuzuia risasi, kofia ngumu, redio, kurunzi, pingu, chupa ya maji, na bunduki ya plastiki ya bluu iliyotiwa uzito ilingane na ile ya kweli. Hivyo vyote vinataka kwenda chini. Kinachokubakiza juu ni jaketi okozi lenye mtungi mdogo wa gesi: unavuta kamba, linavimba, unamshukuru Mungu.

Mkufunzi akatusimulia ya Januari 2024 karibu na pwani ya Somalia. Askari wa kikosi maalumu cha wanamaji wa Marekani walikuwa wakipanda jahazi usiku, jahazi lililokutwa na vipande vya makombora vilivyotoka Iran. Mmoja akateleza akaanguka majini, mwenzake akaruka kumfuata. Wakapotea wote wawili. Uchunguzi wa jeshi lao wenyewe ulisema uzito wa vifaa uliwazidi nguvu, na kwamba mafunzo yao ya namna ya kuelea na mzigo ule yalikuwa na mapengo. Hao ni watu ambao huwezi kusema hawakufundishwa.

Hakuongeza neno. Aliamuru kila mtu aingie na mzigo wake halisi, avimbishe jaketi, ionekane kama pua inabaki juu ya maji. Kwa wawili haikubaki. Wakapunguziwa vitu, wakaongezewa maboya, wakaingizwa tena.

Jirani yangu kwenye mstari ni mtu wa Kigoma. Analalamika kwamba chumvi ni udanganyifu, ziwa kwao halimbebi mtu, ukielea kule umeelea kwa haki. Nikamwambia asubiri upepo wa kusi umchezee ndipo aseme.

Tulipokuwa tunakausha buti, mkufunzi akatuonyesha ukingo wa Raskazone. Hapa Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000, waje kuwatoa Wajerumani. Wengi walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wamelegea kwa kutapika, wakapitishwa kwenye mikoko usiku. Wakakutana na jeshi lisilofika robo yao, na nyuki juu yake. Tarehe 5 walikuwa wameshapanda meli zao na kuondoka, bunduki za rasharasha na risasi wameziacha nchi kavu. Watu wa Tanga wanawakumbuka nyuki zaidi. Mkufunzi yeye alikazania kutapika: anayetoka baharini akiwa hoi kwa kichefuchefu hana vita vya kupigana, kwa hiyo asubuhi mtu ale mkate mkavu na tangawizi, asijishindilie maharage halafu aje kuchafua boti.

Jumanne

Ngazi.

Ngazi ya waya ni nyembamba mno, vipago vyake vina upana wa buti moja tu na kidogo juu yake. Imening'inizwa ukutani kwenye gati, huko juu ndoano, chini haikufungwa na kitu. Ukiipanda kwa mbele kama ya nyumbani, miguu inakimbia, mgongo unaanguka nyuma, na mikono inabaki imebeba kilo zako zote. Haipandwi kwa namna hiyo. Inapandwa kwa ubavu: waya mmoja unapita katikati ya mwili wako, mguu mmoja unaingia kwa mbele kwa ncha ya buti, mwingine unaingia kwa nyuma kwa kisigino, na mikono inaukumbatia waya usawa wa kidevu. Anayesukuma ni paja. Mikono kazi yake ni kukuweka karibu.

Wale wenye vifua vya kubeba vyuma ndio walioshuka wa kwanza na viganja vimechubuka. Walivuta, walivuta, wakaishiwa katikati, wakabaki wananing'inia huku mkufunzi akiwauliza habari za nyumbani. Dada wa forodha, mwembamba, hajawahi kubeba hata gunia, alipanda taratibu mpaka juu. Nimefurahi kuliko inavyofaa.

Kuna sharti moja ambalo limerudiwa mpaka limekera: mtu mmoja tu kwenye ngazi, na chini yake hakai mtu. Anayeanguka aangukie maji, asiangukie kofia ya mwenzake. Na boti ikishampandisha mtu inajitoa kando, maana pale kati ya boti na ubavu wa meli ndipo mguu unapokatika.

Ndoano yenyewe inafikishwa juu kwa fimbo ndefu ya kurefusha. Kwa dakika ile aliyeishika fimbo ni mkubwa kuliko luteni.

Jumatano

Leo sheria, kutwa nzima, kwenye chumba chenye feni moja. Nilidhani nitasinzia.

Ofisa wa sheria alianza na swali: mmeona jahazi maili 60 kutoka Pemba, mmepata taarifa limebeba heroini, lina bendera ya nchi nyingine, mnalipanda? Chumba kizima kikasema tunalipanda. Akasema haya, mmeshavunja sheria.

Akachora ubaoni. Maili 12 za baharini kutoka pwani ni maji yetu, mpaka 24 ni ukanda ambako unaweza kuzuia makosa ya forodha, uhamiaji, kodi na afya, mpaka 200 ni ukanda wa uchumi ambako samaki ni wetu ila njia ni ya wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ni wa 1982, Tanzania iliuridhia 1985. Kifungu cha 110 kinataja sababu zinazoruhusu meli ya kivita kukipanda chombo cha watu nje ya maji ya nchi: uharamia, biashara ya watumwa, kurusha matangazo ya redio bila kibali, chombo kisicho na utaifa, au chombo cha taifa lako mwenyewe kinachojificha kwa bendera ya wengine. Dawa za kulevya hazimo. Kwa dawa unaiomba ruhusa nchi yenye bendera, ndiyo mnayosubiri kwenye redio huku mnalitazama jahazi linaondoka.

Sasa majahazi mengi hayana karatasi yoyote ya maana, wala bendera. Hapo ndipo mlango unapofunguka, kwa sababu chombo kisicho na utaifa kinapandika. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye redio haliwi umebeba nini. Ni jina la chombo, bendera, bandari kilikosajiliwa, kinatoka wapi, kinakwenda wapi, watu wangapi. Jibu la bendera linaamua mengine yote.

Mtu mmoja akauliza kama bendera yetu wenyewe ni salama. Ofisa akatabasamu. Januari 2018 meli Andromeda ilishikwa Ugiriki na vifaa vya kutengenezea milipuko, bendera iliyokuwa ikipepea ni ya Tanzania. Serikali ilisimamisha usajili wa meli za nje ikaanza kuzichambua zilizokuwamo. Bendera ni kitambaa, alisema, ulizeni daftari la usajili.

Kisha akaja kwenye samaki wa Magufuli, na hapo hata waliosinzia waliamka. Machi 2009 meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa kwenye ukanda wetu wa uchumi, kwa msaada wa meli ya doria ya Afrika Kusini, ikiwa na jodari tani zaidi ya 200. Kila mtu anakumbuka samaki waligawiwa, na kila mtu anakumbuka waziri alikuwa nani. Wanachosahau ni kwamba kesi ilikwenda miaka mingi, na mwisho Mahakama ya Rufani ikaibatilisha kwa kasoro za kisheria. Meli ilikuwepo, samaki walikuwepo, picha zipo.

Bwana wa uvuvi, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema kwa sauti ndogo: "Mimi hiyo kesi najua ilivyotuuma."

Siku hiyo hakuna aliyecheka tena habari ya karatasi.

Alhamisi

Boti za mpira, injini mbili nyuma, nje ya ghuba. Kusi limeamka vibaya. Ukiwa ndani karibu na kisiwa cha Toten maji yametulia unaweza kunywa chai. Ukivuka tu kisiwa cha Ulenge bahari inabadilika tabia.

Mwendesha boti ndiye fundi wa yote. Anaisogelea meli kutoka nyuma kwa pembe ndogo, upande wa demani ambako ubavu wa meli unakata upepo, anagusisha pua ya boti kwenye chuma na kuisukuma kwa injini ibaki pale imeng'ang'ania. Wimbi linaipandisha boti na kuishusha karibu kimo cha mtu. Unaikamata ngazi boti ikiwa juu kabisa, unakwenda kabla haijaanza kushuka. Ukichelewa kidogo, boti inashuka inakuacha, halafu inarudi juu kukutafuta miguu.

Karibu wote tumetapika. Wa Kigoma alitapika kwa utaratibu, akageukia demani, akafuta mdomo, akaendelea. Hilo nalo linafundishwa.

Ijumaa

Mvua. Fatiki, zile kazi za mikono za kambini, kusafisha silaha, kushona glavu. Hakuna la kusimulia.

Jumamosi

Tumepewa meli ndogo ya mizigo ya kufanyia mazoezi, imefunga gatini. Tangu bandari ilipochimbwa kina, meli kubwa zinafunga gati hapahapa Tanga. Zamani zilitia nanga mbali, matishari yakaenda na kurudi na mizigo. Kwa hiyo mabaharia wa hapa wameshazoea kuona mengi, lakini watu wenye kofia ngumu wakinyemelea kwenye ngazi ya jikoni waliwafurahisha sana. Mpishi alitushangilia.

Ndani ya meli ya chuma kila kitu ni kona. Mlango wa chuma una kizingiti kirefu cha kukwaa mguu, ngazi ni wima, ujia hauwapitishi watu wawili. Mnatembea mmefuatana, mkono wa nyuma begani kwa wa mbele, na kila kona inafunguliwa kidogokidogo kwa jicho kabla ya mwili. Timu inagawanyika: wengine moja kwa moja kwenye chumba cha usukani, wengine chumba cha injini, maana mwenye hivyo viwili ndiye mwenye meli. Wafanyakazi wa meli wanakusanywa sitahani mahali pamoja, wanahesabiwa, hesabu inalinganishwa na orodha ya nahodha. Mmoja akikosekana hakuna anayekaa raha.

Kitu cha kwanza kinachokaguliwa, kabla ya magendo, ni kama meli inakuua. Maji yanaingia? Kuna harufu ya petroli? Falka, chumba cha mizigo cha chini, iliyofungwa siku nyingi yenye kutu, au yenye nafaka iliyoanza kuoza, imekula hewa ya oksijeni yote iliyokuwemo. Mtu anashuka ngazi, hatua kadhaa, anazimia bila hata kukohoa, na mwenzake anashuka kumwokoa, naye anabaki. Kwa hiyo kinatangulia kipimo cha hewa kwenye kamba. Hakuna shujaa. Mkufunzi wa sehemu hii ni mama mmoja, sajinitaji, sauti yake haipandi, na ndiye pekee ninayemwogopa.

Jumapili

Mapumziko. Nimekodi baiskeli, nikazunguka Ngamiani, nikala mkate wa mofa, nikanywa kahawa chungu na kashata barazani na wazee waliotaka kujua kama vita vimekuja. Nikawaambia hapana, ni mafunzo. Mmoja akasema, "Mafunzo yenyewe ndiyo vita, mwanangu, maana mlivyokonda!"

Jumatatu

Jahazi. Nimelisubiri wiki nzima, na ndilo lililotutoa jasho kuliko ile meli yote.

Watu wanaona jahazi ni rahisi kwa sababu ubavu wake ni mfupi, hata ngazi huhitaji. Basi njoo ulipande likiwa linayumba. Meli kubwa inalala juu ya wimbi. Jahazi linacheza nalo, ubavu unazama na kuinuka, misumari imechomoza tayari kuchana mpira wa boti, na juu kuna foramali, mti unaoshika tanga, inayobembea. Ukishaingia hakuna ujia wala mlango. Kuna kamba, madumu, mbuzi, majamvi, sufuria iko motoni kwenye sanduku la mchanga, na mapipa ya petroli hatua mbili kutoka hapo. Na kuna watu wanaokaa humo, waliokutazama tangu ukiwa mbali.

Mabaharia wake walikuwa wavuvi wa Sahare waliokodiwa wajifanye wakorofi. Hawakuhitaji kufundishwa. Mmoja alitaka kuswali hapohapo tulipotaka kupekua. Mmoja alijifanya hasikii Kiswahili. Mmoja alimpa wa Kigoma mbuzi ashike kwa muda, na yeye akamshika! Nahodha alikuwa mzee mwenye kofia ya kito, amekaa shetri, kule nyuma ya chombo, hana habari na bunduki zetu za bluu.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Umepanda chombo changu bila hodi."

"Tulikuita kwa kipaza sauti, baba."

"Injini inanguruma, mimi mzee. Wewe wa wapi?"

"Pangani."

"Pangani kwa nani?" Nikamtajia. Akanyamaza, akatikisa kichwa. "Huyo namjua. Basi pekua vizuri, usimtie aibu."

Alisema alivyosema huku akijua kuna kitu humo ndani na yeye ndiye aliyesaidia kukificha.

Tulipekua. Magunia yakahesabiwa, dada wa forodha akasimama na hati ya mizigo, hesabu ikakubali. Tangi la maji likapimwa: nje kwa mkono, ndani kwa kijiti, tofauti ni unene wa bati tu. Wavu, madumu, majamvi, hakuna. Saa ilikuwa inakwenda na jua limetuchoma. Tukashuka kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, mimi na wa Kigoma, kwenye maji meusi yenye harufu ya papa na dizeli.

Mbao za jahazi lile ni kuukuu, zimeiva. Lakini kwenye ukuta wa ndani, kule nyuma kabisa, juu ya maji ya ngama, nikaona mstari wa kalafati mbichi. Pamba ilikuwa bado nyeupe chini ya mafuta, na nilipoikwaruza kwa ukucha ikanuka sifa, yale mafuta ya papa, ya juzi. Nikakaa nayo. Kalafati inapigwa ubavuni, kati ya mbao zinazogusa bahari, isivuje. Ukuta wa ndani hauna bahari nyuma yake. Sasa huyu amezibia nini? Anayeziba ubao wa ndani hataki maji ya ngama yaingie kwenye kitu kilicho upande wa pili.

Wa Kigoma alikuwa ameshainua mtaimbo. Sajinitaji, aliyekuwa amechungulia kutoka juu, akasema, bila kupandisha sauti, "Weka chini."

Akatushusha kwenye mpangilio. Picha kwanza, ya mbali na ya karibu. Saa iandikwe. Nahodha aitwe, aulizwe mbele ya shahidi ni nini hapa na nani aliyejenga. Jibu liandikwe alivyolisema, si mnavyolielewa. Ubao utolewe kwa kung'oa misumari, usivunjwe, kwa sababu msipokuta kitu mtamwacha mtu katikati ya bahari na chombo kilichotobolewa na jeshi lake mwenyewe. Kilichopo kitolewe kimoja kimoja, kiwekewe namba, kifungwe, kitiwe sahihi. Kila mkono kitakaopita uandikwe.

Ubao ukatoka. Nyuma yake pakiti za unga wa ngano, zimefungwa plastiki na utepe, zimepangwa mpaka mwisho.

Mzee akaangalia, akasema, "Ubao wangu mtaurudisha?"

Tumeurudisha. Yeye mwenyewe alisimamia, na kalafati yetu hakuipenda, akaipiga upya.

Jumanne

Jahazi tena, wafichaji wamebadilika. Leo mficho ulikuwa kwenye sakafu chini ya mifuko ya saruji, na sababu ya kuiweka pale inajulikana. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, Darwin, ilipekua jahazi mashariki ya Mombasa ikakuta heroini kilo 1,032 imefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Njia hiyo inashuka kutoka pwani ya Makrani, upande wa Iran na Pakistani, inafuata upepo ambao babu zetu waliufuata na tende. Kuhamisha saruji mfuko kwa mfuko juani ni adhabu, na mfichaji analijua hilo; anategemea uchoke ukiwa umefika nusu.

Tulifika nusu, tukachoka, tukaendelea. Mgongo siusikii.

Alhamisi

Zoezi la mwisho, usiku. Mwezi umeandama juzi, giza totoro, bamvua, yaani maji makuu, limejaa na mkondo unavuta kutoka ghubani. Jahazi linatembea kwa injini nje ya Ulenge, taa limezima. Halina redio, au halitaki kujibu. Tuliliita chaneli 16, tukaliita kwa kipaza sauti kwa Kiswahili, mwenzetu akarudia kwa Kiarabu, ndipo likapunguza mwendo.

Kwenye boti hakuna anayesema. Unasikia injini na maji, na mtu wa mbele anahesabu wimbi kwa kidole begani kwa anayefuata. Nilikuwa wa nne. Wa kwanza amepanda, wa pili amepanda. Wa tatu ni wa Kigoma. Jahazi likanyanyuka, mkono wake ukateleza kwenye mbao zenye mafuta, akaenda chini na mzigo wake wote.

Taa nyekundu ya jaketi ikawaka nyuma yetu kabla sijamaliza kupiga kelele. Mwendesha boti wetu hakugeuka, ndivyo tulivyofundishwa; boti ya pili ndiyo kazi yake, ikamfuata na mkondo ikamvuta ndani. Redio ikasema, "Yupo, anatukana." Nikapanda.

Juu kulikuwa na abiria, akina mama wawili, mmoja ana mtoto mgongoni, doli la plastiki ila analilia kabisa. Hapo ndipo unaelewa kwa nini timu inahitaji wanawake: wanaume hawamgusi mama wa watu, na wafichaji wanajua hawamgusi. Tuliwapekua mimi na dada wa forodha nyuma ya jamvi lililoshikiliwa, kwa heshima, tukiwaeleza kila tunachofanya. Mmoja alikuwa na simu ya setilaiti kwenye fundo la kanga. Mwenzie akatuuliza kama hatuna mama. Anaigiza vizuri kuliko inavyotakiwa, wallahi iliniingia.

Wa Kigoma aliletwa baadaye, maji yanamtiririka. "Chumvi imenibeba," akasema, akaenda kuhesabu madumu.

Tumerudi gatini wakati wa adhana ya alfajiri.

Ijumaa

Nilidhani leo ni kulala na kukabidhi vifaa. Saa mbili asubuhi tulikuwa darasani chini ya feni ile, na ofisa wa sheria amekaa na jalada letu la jana, amevaa miwani, anajifanya wakili wa mshitakiwa.

Simu ya setilaiti ilipatikana saa ngapi? Saa nane na robo usiku. Daftari la kiongozi wa timu linasema saa nane na dakika arobaini. Ilikuwa wapi kwa dakika zile ishirini na tano? Mkononi mwa nani? Dada wa forodha akajibu: ilikuwa kwangu, ndani ya mfuko uliofungwa, namba hii hapa. Ofisa akaiangalia namba. Kwenye orodha imeandikwa namba nyingine, tarakimu mbili zimepishana, mtu aliandika gizani juu ya jahazi linaloyumba.

"Mteja wangu anakwenda nyumbani," akasema, akafunga jalada.

Luteni alitaka kubisha. Alisema watu wamehatarisha maisha, mmoja ameanguka majini. Ofisa akamjibu kwamba hakimu hakuwepo majini. Binafsi nadhani wote wawili wana haki, lakini mahakamani anayesikilizwa ni mmoja.

Basi tumerudi mezani. Kila aliyekuwa juu ya jahazi ameandika upya maelezo yake bila kumtazama mwenzake, na saa zote zimelinganishwa na redio ya boti ambayo hunasa muda. Sajinitaji ameagiza tangu leo namba ziandikwe kwa kurunzi nyekundu, na mtu wa pili azisome kwa sauti kabla mfuko haujaondoka mkononi. Nimeomba glavu za saizi yangu, hizi za wanaume zinanivuka vidole na ndizo zinazofanya mwandiko uwe ule. Zimeandikwa kwenye mahitaji.

Lori la Dar es Salaam linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Boti zinarudi kwa maji, na mimi nimepangwa kwenye boti, upande wa wapekuzi. Wa Kigoma amepewa fimbo ya ndoano.